Kampani Haitoi Sababu

Kwa mwanangu Hamisi. Pokea salamu zangu, na za mama yako ni nyingi kuliko zangu, ila yeye anazitwanga kinuni hapa nyuma ya mgongo wangu. Naandika mchana huu baada ya sala ya alasiri, wewe ukiwa mtoni unafua nguo zako za safari, kwa sababu macho yangu hayapatani tena na taa, na kwa sababu nikikwambia kwa mdomo utanikata kauli. Kesho maji yakijaa unaondoka na mjomba wako Athumani kwenda kuishi kwake Bungu. Habari za kula, za kusali na za kutolala penye unyevu mama yako amekwisha kuzisema mpaka kuku wamezijua. Mimi nataka kukujibu lile uliloniuliza juzi tulipokuwa juu ya dungu, tunafukuza ndege kwenye mpunga, nami nikajifanya nimeona nguruwe.

Uliniuliza, "Baba, niishitaki kampani au niiache?"

Sikuona nguruwe. Sikuwa na jibu tu. Na nilikuwa na hasira, na hasira yangu siku hizi haina moto, inanuka kama maji ya kuvundika ukindu. Ni kinyaa, mwanangu. Naamka nacho na kulala nacho.

Ngoja niipange habari yenyewe, maana nyumbani hapa kila mtu anaisimulia kivyake. Kampani ile ya Wadachi pale Mohoro, yenye paa la bati, hununua mpunga na pamba ya watu wa mto. Safari hii ilitangaza kwamba mkulima mwenye mazao mazuri atafunguliwa hesabu. Jina lake litaandikwa, mazao yake yatawekwa kwa jina hilo, naye atachukua mbegu, nguo na chumvi mpaka mavuno mengine bila kumpigia mtu magoti. Mimi ndiye niliyekutuma. Nilikukata kucha, nikakuvalisha kanzu yangu ya Idi, nikakufundisha namna ya kusalimu. Nimeishi hapa Mbwera tangu ndevu zangu hazijaota vizuri, nimesilimu hapa, nimejifunza herufi hizi hapa nikikaa na watoto wadogo chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na bado naitwa "yule wa milimani". Nikataka jina la mwanangu liandikwe mahali, na mtu mwenye kalamu, kwa wino. Nikiikumbuka furaha yangu asubuhi ile, najionea kinyaa mimi kwanza kabla ya kampani.

Ulikwenda na Shamte Ungando, rafiki na mtani wangu Mndengereko, naye alikuwa na mpunga wake wa kuuza. Mmefika, umekaa kwenye benchi, karani amekuita, amechovya kalamu. Shamte alikuwa nyuma yako. Angeweza kunyamaza? Hajawahi kunyamaza tangu azaliwe.

"Bwana karani," akasema, "tazama sana unayemwandika. Mmatumbi huyu. Babake kanywa maji ya mganga, na mwenyewe kanywa. Mkija kumdai mtampata wapi? Hata risasi haimpati."

Watu wakacheka. Nawe ukamjibu kama nilivyokulea. "Nimekunywa pipa zima," ukasema, "na makapi nimembakizia huyu Mndengereko akaoge, maana ananuka kambare."

Kila mtu mle ndani alicheka isipokuwa karani. Huyo ni mgeni, ameletwa kutoka mbali, hana mtani hata mmoja upande huu wote wa nchi. Aliweka kalamu chini, akaingia chumba cha Mdachi wake, akatoka, akakwambia hesabu haipatikani. Ulipouliza kwa nini, akakuonyesha mlango. Shamte ananiambia kwamba hata hujafika nje, karani alichukua kitambaa akalifuta benchi ulilokalia. Alilifuta kote, mpaka miguu yake. Na mpunga wako waliukubali siku ile ile, ukaingia ghalani na mwingine.

Wewe tangu hapo unajilaumu kwa lile pipa. Acha. Mtu asiyemjibu mtani wake ni maskini wa malezi, nami sikukulea hivyo. Ulipozaliwa, Shamte alilala kizingitini akazuia watu wasipite, akidai ameuona uso wa mtoto na umemtia hofu, alipwe fidia ya macho. Tukampa jogoo. Siku ya harusi yangu aliniibia kilemba mbele ya mashahidi, nikafungishwa ndoa kichwa wazi kama mfungwa. Na vita hii ilipoanza, ndugu yangu Mkumba, aliyebaki kule milimani, akanywa maji yale akiamini risasi zitayeyuka, na risasi zikampata kama zinavyompata mtu yeyote, ni Shamte aliyeniletea habari. Alikuja na mtumbwi katika jua kali, akasimama uani hapa, akanitazama, akashindwa kunitukana. Hapo nikajua kuna msiba.

Kwa hiyo Shamte akiyataja maji yale kwa kicheko, najua anachofanya. Analitaja jambo linalotuuma ili na sisi tuweze kulitaja. Mlikosea wote wawili, na ni kosa la watu waliolelewa vizuri. Mlisahau kwamba mle dukani yumo mtu asiye na mtani.

Mimi sikunywa, kama ulikuwa hujui. Usidhani ni kwa akili nyingi. Mjumbe wa mganga alipopita huku nilikuwa na homa, sijitambui, na mama yako akamfukuza kwa mchi.

Sasa nikwambie nisilokwambia. Siku ile ulipolala chali ukakataa kula, nilikuaga kwamba nakwenda kumwona fundi wa mitumbwi. Nilikwenda Mohoro. Nilichukua yule kuku jike mwenye madoa, mnono, ambaye mama yako alidhani ameliwa na kicheche. Nilisema moyoni kwamba watu wakubwa hulainishwa. Kufika pale nikasimama mlangoni, maana ndani hawakuniita.

"Shida yako?" karani akauliza.

"Nimekuja kwa ajili ya mwanangu, Hamisi bin Salumu. Amekataliwa hesabu, nami sijui kwa nini."

"Kampani haitoi sababu."

"Hata kwa babake, bwana?"

"Kampani haitoi sababu kwa mtu." Akatazama mkono wangu. "Kuku huyo wa nini?"

"Zawadi, bwana."

"Mfunge pale."

Nikamfunga, Hamisi. Nilipiga magoti nikamfunga kwa mikono yangu hii, kwa fundo zuri, nikasema ahsante. Kuku walimpokea. Jina hawakulipokea. Nilipoinuka nikaona watu wa kwetu, Wamatumbi walioteremshwa kutoka milimani kwa ajili ya vita, wanabeba pamba kuingia ghalani. Mgongo wa Mmatumbi unaruhusiwa kupita mlango ule, mradi juu yake pana robota la pamba. Mtu akitua robota anarudi kusimama juani, na hakuna anayelifuta robota kwa kitambaa. Nilitapika njiani, kabla sijafika kwenye mtumbwi. Nilimwambia mama yako ni samaki.

Kwa hiyo usinione mtulivu ukadhani sijaumia. Nimejua kukataliwa kabla hujazaliwa. Niliposhuka kutoka milimani nikiwa kijana, nilikwenda Chumbi kwanza, si hapa. Nilimwendea jumbe wa pale, nikaomba kipande cha kulima mlau, ile ardhi nyeusi inayobaki mafuriko yakishuka. Akaniambia hapana nafasi, na nafasi imelala mbele yetu mpaka macho yanachoka. Nikasema, "Haya, bwana," nikajitwisha mzigo wangu, nikaondoka. Nilijisifu sana kwa ukimya ule. Niliona nimekuwa mtu mzima. Baada ya mavuno mawili nikakutana na mtu wa Chumbi sokoni, akaniuliza kama kweli niliiba mbuzi wa jumbe. Nilikataliwa bila sababu, sikuidai, basi watu wakanitafutia sababu yao. Ilikaa mdomoni mwao miaka mingi, na mama yako ilimfikia kabla ya posa yangu. Mpaka leo nikikumbuka ile "haya, bwana" nasikia ladha yake.

Na kushitaki pia nimeshitaki. Mjomba wako Athumani, huyu aliyekaa hapa sasa anakula wali wetu kama aliyeulima yeye, nilimpeleka kwa akida tulipogombania mtumbwi wa marehemu baba mkwe. Nilisema vizuri siku ile. Mashahidi wangu walikaa upande mmoja, maneno yangu yalinyooka, na mtumbwi nikapewa. Niliusukuma majini watu wananishangilia. Athumani akahamia Bungu, na mama yako akawa anaulizia habari za ndugu yake kwa wapita njia. Mtumbwi wenyewe ukaoza. Ushindi ule ulinipa ubao uliooza na mke anayelia mchana akisema ni moshi. Athumani alikuja mwenyewe mwezi huu kukuchukua wewe, bila kuitwa, aliposikia yaliyokupata. Hatujautaja mtumbwi. Nilimkatia kipande kikubwa cha samaki, akakila.

Unaona basi kwa nini nilitafuta nguruwe. Nimenyamaza nikaona matokeo yake, nimeshitaki nikaona matokeo yake, na yote mawili yaliniacha na mdomo mchungu.

Nilimwendea Shamte. Alikuwa anasuka mgono wake wa samaki uani.

"Twende tukashitaki," nikamwambia.

"Tumshitaki nani? Mie?"

"Kampani."

"Kwa kosa gani? Wamekunyima chumvi?"

"Wamemkataa mtoto bila sababu."

Akaacha kusuka. "Salumu, nambie ukweli. Sababu si wanayo? Kijana kasema kwa mdomo wake, mbele ya watu, kanywa pipa zima. Bwana shauri wa boma akimuuliza karani, karani atalisema hilo hilo. Na pale bomani siku hizi mti wa kunyongea haukai mtupu."

"Utasimama useme ulikuwa utani."

"Nitasimama. Ataniuliza, utani ndio nini? Nimwonyesheje? Nimtukane mamake hapo hapo barazani?"

Tulicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kutazama. Kisha Shamte hakurudi kwenye mgono wake. Alikaa akiyatazama maji. "Nilitaka watu wacheke tu," akasema.

Basi jibu langu ni hili. Wewe usishitaki.

Si kwa sababu huna haki. Unayo, na mtu yeyote asikutie shaka. Ni kwa sababu shauri lako likisimama kwa jina lako, la kwanza litakalosomwa ni lile pipa, na wewe ndiye uliyelisema. Una maisha mbele. Na hata ukishinda, unashinda nini? Jina lako litakaa kwenye karatasi ya watu wanaolifuta benchi. Utakwenda kuchukua chumvi huku unaangalia kama karani ameshika kitambaa. Mimi hesabu yao siitaki tena, hata wakiniletea mlangoni na ngoma. Nilikuwa nadhani kuandikwa na watu wale ni heshima. Ni kichefuchefu. Kama ni nguo, mama yako anajua kutia viraka, na kama ni mbegu, tulikuwa tunalima kabla bati lao halijapanda juu ya nguzo.

Najua umepanga kumwomba mjomba wako mpitie Mohoro kwanza. Ulidhani sisikii mlipokuwa mnanong'onezana kwenye ngazi ya dungu. Mohoro iko kusini, Bungu iko kaskazini, na mjomba wako si mtoto wa kuzungushwa mikokoni. Atakukatalia, nawe utanuna njia nzima mpaka Kibiti. Nuna. Nimemwomba akuvumilie.

Lakini sikusema kwamba shauri liachwe.

Barua hii hutaiona leo. Nampa mjomba wako, akukabidhi mkishaingia Bungu, mzigo umetuliwa na umekunywa maji. Ukiyasoma maneno haya, mimi na Shamte tumeshafika Mohoro. Mpunga ule ulitoka shamba langu, na aliyekutuma kwenye meza ile ya karani ni mimi, kwa hiyo aliyekataliwa ni mimi pia, na dai ni langu. Sitadai hesabu. Nitadai sababu. Nataka yule karani aitamke kwa sauti, mbele ya bwana shauri na mbele ya watu waliokuwepo wakacheka, ili nami niijibu kwa sauti, na aliyeuanza utani awe amesimama ubavuni kwangu. Nikiinyamazia, itabaki mdomoni mwake, na mdomo wake unatembea. Askari wanapita Kibiti na Bungu kila siku wakitafuta watu wa maji. Siku moja jina lako litawafikia, na hakutakuwa na mtu karibu wa kusema mlikuwa mnataniana. Sikukubali kukupeleka Bungu ili ukakamatwe Bungu.

Kama niliogopa? Naogopa sasa hivi, nikiandika. Mimi ni mzaliwa wa milimani, nina ndugu aliyekufa upande wa pili wa vita, na nakwenda kwa miguu yangu mahali ambapo watu kama mimi hupelekwa wamefungwa. Huenda bwana shauri akacheka tu akatufukuza. Huenda tukachapwa. Jingine unalijua. Nilimweleza Athumani mpango huu nikitegemea atanizuia, ili nipate pa kurudia nyuma.

"Shemeji," akaniambia, "mie nimewahi kusimama na wewe barazani. Nawaonea huruma hao kampani."

Ndiyo mara ya kwanza tumeutaja mtumbwi.

Mama yako anajua. Aliposikia, alikwenda kuchukua mchi. Mpunga anaoutwanga tangu nilipoanza kuandika umekwisha kutwangwa asubuhi, ni unga sasa, na sina moyo wa kumwambia aache. Mwandikie mara kwa mara. Mwandikie habari ndogo ndogo, umekula nini, nani amekukasirisha.

Usirudi kunifuata. Nakuomba kama baba na, ukitaka, nakuomba kama rafiki. Ukitokea pale barazani utaanza kusema, nami nitakuwa na kazi mbili, kuwajibu wao na kukuziba wewe. Kaa na mjomba wako. Mkasirikie kampani kadiri upendavyo, lakini usijichukie. Mimi nilikuwa nimeanza kujichukia kwa ajili ya kuku mmoja, na ilinichukua siku nyingi kuona kwamba uchafu ulikuwa kwenye mkono uliompokea.

Shamte amefika. Amekaa hapa anasoma juu ya bega langu ijapokuwa hajui kusoma, na anasema mwandiko wangu umepinda kama miguu yangu. Anataka niandike na maneno yake. Anasema wakitunyonga wote wawili hasara ni yako, maana hutapata mtani wa kutuosha maiti. Lakini wakininyonga mimi peke yangu, ataniosha yeye na kaburi atachimba yeye, ni haki yake, nawe usithubutu kumpa kazi hiyo mtu mwingine. Na hatashika jembe mpaka apewe yule mbuzi mweusi wa mama yako. Nimemwambia mbuzi ana mimba. Anasema vizuri, atahesabu wawili.

Ikifika huko, mwambie mama yako ampe mbuzi bila kubishana, kwa sababu atakuwa amesimama pale waliposimama wachache. Tukirudi wote wazima, asipewe hata mkia.

Na huko Bungu mtu akikuuliza wewe ni mtoto wa nani, usiangalie kwanza nani anasikiliza.

Mimi baba yako,
Salumu, Mmatumbi wa Mbwera.